Picha za Shamba Machoni pa Watu wa Mjini

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mzee mmoja wa Makongeni mbele ya wakazi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, waliokusanyika kuzungumza juu ya habari za sinema za zamani.)



Nimeombwa nizungumze nanyi jioni hii juu ya picha za sinema zilizotengenezwa na watu wa Ulaya katika siku za mwanzo wa sinema, hasa zile zilizohusu maisha ya mashamba na mambo ya maendeleo. Pengine kijana atauliza, "Mzee, habari za mashamba zatuhusu nini sisi tuliozaliwa Makongeni, Kaloleni, Mbotela, Shauri Moyo na Pumwani?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza kabla ya kuendelea.

Mitaa hii yetu ilijengwa kwa ajili ya watu waliotoka mashambani. Pumwani ilianza katika miaka ya 1920, Shauri Moyo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930, Kaloleni na Ziwani zikajengwa katika miaka ya 1940. Baba zetu walipewa humo chumba cha kulala, wala hawakupewa kiwanja cha kuzeekea, kwa sababu wakubwa wa mji walidhani kwamba Mwafrika ni mgeni hapa Nairobi, na kwamba kazi yake ikiisha atarudi kwao. Basi mtu alikaa mjini huku moyo wake uko shambani. Mshahara uligawanyika: sehemu ya unga na kuni, sehemu ya kupeleka nyumbani. Kwa hiyo sinema ilipoletwa hapa ikionyesha shamba, haikuwa habari ya watu wengine. Mtazamaji aliyekaa chini penye vumbi alijiona mwenyewe katika kitambaa, au alimwona mama yake. Na tena alijua mara moja kama ameonyeshwa kwa kweli au kwa uongo.

GARI LA SINEMA

Wazee wenzangu watakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Gari la sinema lilifika jua likiwa linakaribia kuchwa. Kabla halijasimama, watoto walikwisha kulifuata mbio kutoka barabarani. Mafundi walishuka, wakasimamisha milingoti miwili na kutandaza kitambaa cheupe, wakaweka mtambo wa umeme mbali kidogo ili ngurumo zake zisiwasumbue watu. Kisha santuri zilipigwa katika kipaza sauti mpaka giza liingie. Sisi watoto tulikaa mbele kabisa, na wengine walikaa upande wa nyuma wa kitambaa, wakatazama picha kinyumenyume, mtu wa kulia akawa wa kushoto, wala hawakujali.

Lakini mkubwa wa shughuli ile alikuwa ni msimulizi. Picha nyingi hazikuwa na sauti, na hata zilizokuwa na sauti zilisema Kiingereza. Basi msimulizi alishika kipaza sauti akaeleza kila jambo kwa Kiswahili, na akiwa hodari aliongeza mambo yake mwenyewe. Aliweza kumwita mlevi wa katika picha kwa jina la mlevi wa mtaa wetu, watu wakaangua kicheko. Kila usiku msimulizi aliitengeneza picha upya, na mara nyingine aliitengeneza vizuri kuliko wenyewe walioipiga.

Programu ilikuwa ya mchanganyiko: kwanza habari za ulimwengu, kisha picha ya kufundisha usafi au kilimo, kisha Charlie Chaplin. Msiniulize ni ipi tuliyoikumbuka asubuhi.

SINEMA NA MKULIMA HUKO ULAYA

Tusidhani ya kuwa jambo la kumfundisha mkulima kwa sinema lilianza kwa ajili ya Mwafrika. Hapana. Lilianza huko huko Ulaya, kwa wakulima wa Ulaya, nao walitazamwa na watu wa miji yao kama sisi tulivyotazamwa baadaye: watu wazito, wenye ushirikina, wanaopaswa kuamshwa.

Nitatoa mfano wa Urusi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, wakubwa wa huko walitaka wakulima waache mashamba madogo na kulima kwa ushirika. Mwaka 1929 fundi mkubwa wa sinema, Sergei Eisenstein, alionyesha picha iliyoitwa Ya Kale na Mapya. Mtu mkuu katika picha hiyo ni mwanamke mkulima, Marfa Lapkina, ambaye hakuwa mchezaji wa sinema bali mwanakijiji hasa. Anawashauri wenzake wanunue mashine ya kutenga malai na maziwa. Siku ya kuijaribu, wanakijiji wanaizunguka. Nyuso zao zimekunjamana, kila mmoja anangoja kuona aibu. Mpini unazungushwa, gurudumu linakwenda mbio, watu wanakodoa macho. Halafu tone la kwanza la malai linatoka, na nyuso zote zinang'aa. Yeyote aliyewahi kupeleka maziwa kwenye ushirika wa maziwa, huku kwetu Kenya, anaielewa furaha ile bila kuelezwa.

Mwaka uliofuata, yaani 1930, Alexander Dovzhenko wa Ukraine alitoa picha iitwayo Ardhi. Katika picha hiyo trekta ya kwanza inaingia kijijini, vijana wanashangilia, na kijana aliyeileta anauawa usiku na adui wa mabadiliko. Ni picha nzuri mno. Miti ya matufaha, alizeti na mashamba ya ngano vimepigwa kwa upendo wa mtu aliyezaliwa katika nchi ile. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Miaka miwili tu baadaye, 1932 na 1933, mamilioni ya watu walikufa kwa njaa katika Ukraine, kwa sababu wakulima walinyang'anywa mashamba na nafaka yao ikachukuliwa kwa nguvu. Trekta katika picha ilikuwa kweli. Ghala lililosombwa halikuonyeshwa.

Hapo ndipo nilipojifunza swali ambalo nitawaachieni jioni hii. Kila mkitazama picha inayosifu maendeleo, ulizeni: ni nani au ni kitu gani ambacho hakikuonyeshwa?

Sasa nitataja picha ya namna nyingine. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Georges Rouquier, alitoa picha iitwayo Farrebique. Alikwenda kwa jamaa zake mwenyewe, wakulima wa kusini mwa Ufaransa, akapiga picha ya maisha yao kwa muda wa mwaka mzima: kukanda mkate, kulima, kuzaa na kuzika. Jambo kubwa linaloshughulisha nyumba ile ni kama watie umeme na kuitengeneza nyumba upya, au wangoje. Hakuna mtaalamu anayekuja kuwaamsha. Wanajadiliana wenyewe mezani, babu anasema lake na wana wanasema lao, kwa sababu gharama ni yao. Mnaona tofauti? Picha ile ilipigwa na mtoto wa nyumba.

SINEMA YA VUGIRI

Turudi kwetu Afrika ya Mashariki. Alikuwako bwana mmoja, Major Leslie Notcutt, aliyekuwa meneja wa mashamba ya katani. Tangu mwaka 1926 aliwaza kwamba sinema ingewafanya vibarua wa katani waridhike na kazi zao. Wazo hilo lilikuja kukutana na wazo la wamisionari, waliokuwa wakitafuta njia ya kuwasaidia Waafrika kuelewa mambo mapya yaliyowafikia, nao wakapata fedha kutoka Carnegie Corporation ya Marekani. Mwaka 1935 kazi ikaanza Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Notcutt alisimamia upigaji wa picha, na Geoffrey Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia mambo ya mafundisho. Mpaka ilipofungwa mwaka 1937, kazi hiyo ilikuwa imetoa picha 35 hivi, nazo zilichukuliwa kwa lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Picha mojawapo za kwanza ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaweka fedha zake posta. Mwenzake anazifukia ardhini, mwizi anaona, naye anazifukua. Picha nyingine zilifundisha juu ya ugonjwa wa safura, malaria ya watoto wachanga, kodi, kahawa na mmomonyoko wa udongo. Sauti zilitiwa katika santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi hizi, lakini santuri na picha hazikwenda sawa kila mara. Mtu aliweza kufumba mdomo na maneno yakaendelea kumtoka.

Serikali za Afrika ya Mashariki zilipoombwa kuiendeleza kazi hiyo kwa fedha zao, zilikataa, ikaisha. Picha chache tu ndizo zilizosalia mpaka leo, zimehifadhiwa Uingereza. Moja yaonyesha mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Nyuso zilizomo humo ni za babu na bibi za watu walio hai. Lakini anayetaka kuziona yampasa kuzitafuta ng'ambo.

MBU MKUBWA NA KUKU MDOGO

Sasa nafika katika jambo linaloniuma, nami nitalisema kwa upole.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni, nayo ikadumu mpaka mwaka 1955. Mkuu wake alikuwa William Sellers, aliyekuwa ametumikia Idara ya Afya katika Nigeria na kuonyesha picha za kupambana na tauni. Bwana huyo na wenzake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufahamu sinema kama Mzungu anavyofahamu. Waliweka kanuni: picha iende polepole, jambo moja lionyeshwe kwa muda mrefu, pasiwe na kurukaruka kutoka mahali hata mahali, pasiwe na hila za kamera.

Kanuni hizo zilitegemea visa vilivyosimuliwa mara nyingi. Kisa kimoja chasema kwamba watu walionyeshwa mbu aliyekuzwa mpaka akajaza kitambaa, ili waogope malaria. Wakajibu, "Kwetu hatuna taabu, mbu wa kwetu ni wadogo." Kisa kingine alikisimulia John Wilson wa London. Watu walionyeshwa picha ya kuondoa maji yaliyosimama karibu na nyumba. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu, "Tumeona kuku." Wenye picha wakashangaa, kwa maana hawakujua kwamba mna kuku. Wakaitazama tena kidogo kidogo, wakamkuta kuku amepita pembeni kwa nukta moja tu.

Visa hivyo viliandikwa katika vitabu vya wataalamu kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kutazama. Nami nawauliza ninyi akina mama mnaofuga kuku katika kona za mitaa hii: ni nani kati yenu ambaye kuku angempita asimwone? Na yule aliyesema mbu wa kwao ni wadogo, alikosea nini? Aliambiwa tazama mdudu huyu, akatazama, akapima ukubwa wake kwa nyumba na watu aliowaona katika kitambaa hicho hicho, akatoa jibu la akili. Kosa lilikuwa la aliyekuza picha bila kueleza. Na wale waliomwona kuku waliona zaidi ya mwenyewe aliyepiga picha, kisha wakaandikwa kuwa hawana macho.

Tena wataalamu walikuwa na ushahidi mwingine, nao hawakuufuata. Miaka kumi kabla ya vita, mwaka 1929, mtaalamu wa elimu ya viumbe, Julian Huxley, alitumwa Kenya, Uganda na Tanganyika, akaonyesha picha kwa wanafunzi na kwa watu ambao hawajapata kuona sinema. Aliporudi aliandika kwamba walizifahamu vizuri.

Msidhani ubishi huo ulikuwa wa vitabu tu. Mtu akikwisha kusema kwamba fulani hajui kutazama, hatua ya pili ni kumchagulia cha kutazama. Hapa Nairobi wakaguzi wa sinema walikuwa na mamlaka ya kuagiza kwamba picha fulani isionyeshwe kwa Waafrika, ingawa Mzungu au Mhindi aliruhusiwa kuiona. Mtu mzima, mwenye watoto, fundi wa reli anayeendesha garimoshi lenye abiria mamia, aliambiwa kwamba picha ile itamharibu akili. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya kitambaa kile cheupe.

MTAALAMU HUFIKA DAIMA

Idara ile ilitoa picha nyingi. Moja ya mwaka 1940, iitwayo Mr English at Home, yaonyesha siku moja ya seremala wa Kiingereza na mkewe na watoto: wanaoga, wanakula mezani, baba anakwenda kazini. Mtazamaji wa Afrika alitakiwa aige. Lakini fikirini mtu wa chumba kimoja, aliyekilaza humo mke na watoto na shemeji aliyekuja kutafuta kazi, anapoonyeshwa nyumba yenye ghorofa na jiko lake. Bila shaka aliona usafi. Aliona vilevile idadi ya vyumba.

Zilikuwako pia picha ndefu. Mwaka 1946 ilitoka Men of Two Worlds, ambayo sehemu yake ilipigwa Tanganyika. Kisenga, mpiga piano aliyesoma Uingereza, anarudi kwao kusaidia watu wahame kutoka nchi ya mbung'o na malale, naye anapambana na mganga wa kijiji. Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London waliilalamikia habari ile kabla haijamalizika, kwa kuwa iliwafanya watu wa kijiji waonekane watumwa wa uchawi. Mwaka 1949 ilitoka Daybreak in Udi, juu ya kijiji cha Nigeria kilichojenga nyumba ya wazazi kwa mikono ya wenyeji, nayo ikapewa tuzo ya Oscar kwa picha za habari za kweli.

Picha hizo zina mema yake, wala sisemi kwamba ni uongo mtupu. Safura ni kweli, malale ni kweli, na mama aliyejifungua salama ni furaha ya kweli. Lakini mkizitazama nyingi kwa pamoja mtagundua kwamba zina njia moja. Kijiji kimelala. Mtaalamu anafika. Kijana mmoja anaelewa, mzee mmoja anapinga. Mwisho mzee anashindwa, watu wanacheka, jua linachomoza. Kijiji hakina historia kabla ya gari la mtaalamu kufika.

MAMA YANGU NA MATUTA

Sasa nitasema jambo la nyumbani kwangu. Sisi ni watu wa Machakos. Baba alifanya kazi reli, nasi tulikaa Makongeni. Mama alikuja na kurudi kufuatana na majira ya kulima. Usiku mmoja gari la sinema lilionyesha picha ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mtu alichimba matuta huku akitabasamu, na bwana shamba alisimama kando akionyesha kwa kidole. Msimulizi alisifu sana. Mama alinyamaza, kisha akaniuliza, "Yule anachimba shamba la nani?"

Nikamjibu, "Lake mwenyewe, mama."

Akasema, "Basi ndiyo maana anacheka. Sisi tulichimba kwa amri, wewe ukiwa mgongoni, na asiyefika alitozwa faini. Mbona hawakupiga picha ya faini?"

Sikuelewa siku ile. Nilielewa baadaye, niliposoma habari za nchi yetu. Katika miaka ya 1930 Serikali ilitangaza kwamba udongo wa Ukambani unakwisha, na hilo lilikuwa kweli. Lakini sababu iliyotajwa ni ng'ombe wengi na ulimaji mbaya wa Wakamba. Haikutajwa sana kwamba walizuiwa kwenda katika malisho yao ya zamani kwa kuwa yametengwa kwa ajili ya walowezi na milki ya Serikali. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei hafifu. Ndipo Muindi Mbingu alipowaongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi kumtafuta Gavana. Walipiga kambi hapa mjini kwa majuma kadhaa. Babu yangu alikuwamo. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu ulisimamishwa. Leo jina lake liko katika barabara ya katikati ya Nairobi, na wengi wanaoipita hawajui alikuja kutafuta nini.

Baada ya vita amri za matuta zilizidi. Mwaka 1947 watu wa Murang'a walikataa kazi hiyo, na mwaka uliofuata akina mama wa huko waliandamana. Kisha ikaja Hali ya Hatari, tangu 1952 hata 1960, na magari ya sinema yakapewa kazi ya kueneza maneno ya Serikali. Lori lile lile lililotuletea Charlie Chaplin lilifika pia mahali ambapo watu walikuwa wamezungushiwa senyenge, hawana ruhusa ya kukataa kutazama.

Sasa angalieni mwisho wa habari hii. Matuta membamba yaliyochimbwa kwa amri hayakudumu, mengi yalibomoka. Lakini katika miaka ya 1950, na hasa baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wakulima wa Machakos walianza kuchimba matuta mapana kwa hiari yao, kwa vikundi vya mwethya, kila mmoja akisaidiwa shambani mwake kwa zamu. Walichukua mtindo wa fanya juu, yaani kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko, mpaka shamba likawa ngazi. Wataalamu walipopima miaka ya karibu na 1990 walikuta kwamba watu wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hata hivyo udongo ulimomonyoka kidogo kuliko zamani. Habari hiyo ilitolewa kitabu mwaka 1994, nayo iliwashangaza wengi ulimwenguni.

Mama hakushangaa. Nilimkuta shambani na wenzake wa mwethya, mikono imejaa udongo, akicheka kama yule mtu wa sinema. Akaniambia, "Tazama sasa. Hii ndiyo picha."

Kwa hiyo picha ile ya mtaani haikukosea juu ya udongo. Ilikosea juu ya watu. Ilidhani kwamba mtu hukataa matuta kwa ujinga, kumbe alikataa amri. Alipokuwa na hakika ya shamba lake, na soko la mazao yake, na jirani wa kumsaidia, hakuhitaji kuonyeshwa mara mbili.

WATOTO WA NYUMBA

Sinema ya Waafrika wenyewe ilianza kidogo kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika picha za Kiswahili zenye wachezaji wa Kiafrika, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu, kichekesho cha mtu wa shamba aliyefika Dar es Salaam. Mchezaji mkuu alikuwa kijana wa Idara ya Ustawi, jina lake Rashidi Kawawa. Mwenye shughuli bado alikuwa Mzungu, lakini watu walizipenda kwa sababu walisikia lugha yao na kujicheka wenyewe. Mwaka 1962, Januari, kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Naye ni mmoja wa wale waliodhaniwa kwamba hawawezi kufuata picha inayokwenda upesi.

Na hapa kwetu, katika karne hii, vijana wa Mathare wamepiga picha za mtaa wao wenyewe na kuzionyesha hadharani, kitambaa kikitundikwa nje kama zamani. Mwaka 2012 David "Tosh" Gitonga alitoa Nairobi Half Life, habari ya Mwas, kijana anayetoka mashambani kuja Nairobi akitaka kuwa mchezaji wa maigizo, na siku yake ya kwanza mjini ananyang'anywa alivyo navyo. Mkiitazama mtakumbuka yule kibarua wa Vugiri aliyeibiwa fedha zake. Njia ni ile ile, ya shamba hata mjini. Lakini safari hii hakuna sauti ya juu inayomkemea Mwas. Tunamwona akichagua, na akilipa gharama ya alichochagua.

Vijana, leo kila mmoja wenu ana kamera mfukoni. Msiende nayo nyumbani mashambani kwa likizo mkawapiga bibi zenu picha za kuchekesha, jinsi wanavyoshangaa mambo ya mjini. Hiyo ni sinema ya Vugiri, nanyi mmekuwa ndio wataalamu mnaofika na lori. Kaeni nao. Waulizeni nani alichimba matuta yale, na kwa amri ya nani, na mwaka gani. Wazee wa mitaa hii pia wapo, lakini hawatakuwapo daima. Nyumba za zamani zinabomolewa kujengwa ghorofa, na yaliyosemwa katika ukumbi wa Kaloleni, siku Tom Mboya alipohutubia humo, yamebaki katika vichwa vya watu wachache wenye mvi.

Na kila mtakapotazama picha, iwe ya Serikali, ya kampuni au ya shirika la hisani, tazameni kama wale watu waliotazama picha ya maji yaliyosimama. Sikilizeni mnachoambiwa, kisha mtafuteni kuku. Aliyeko pembeni, ambaye mpiga picha hakujua kwamba yumo, mara nyingi ndiye mwenye habari. Wahenga wamesema, mwenye macho haambiwi tazama.